Mkanda wa Majira: Jina na Kazi Yake

Miongoni mwa vyombo vya motokari ambavyo lugha yetu haijavipa jina la kutulia, hakuna kinachonishughulisha zaidi kuliko ule mkanda wa mpira wenye meno, uliofichwa nyuma ya kifuniko mbele ya injini, ambao huko Luvungi, katika bonde la mto Ruzizi, kwenye njia ya taifa nambari 5 itokayo Bukavu kwenda Uvira, utausikia ukitajwa kwa Kifaransa, courroie de distribution, na kwa fundi aliyejifunzia kazi upande wa Uganda au Tanzania utausikia ukiitwa taimingi belti, na kwa walio wengi, waonao majina yote mawili ni mazito, utausikia ukiitwa mkanda, basi. Na katika neno hilo moja ndimo ilimo hatari. Kwani injini huwa na mikanda zaidi ya mmoja, na ule wa feni mtu yeyote mwenye spana aweza kuubadili kwa kukadiria kwa jicho, ilhali huu mwingine ukivishwa kwa kukadiria huweza kuiangamiza injini siku hiyohiyo.

Sharti tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu jina lisilotokana na kazi ya kitu ni lakabu, si istilahi. Katika injini ya mapigo manne, pistoni huzungusha mhimili wa chini, ambao mafundi huuita krankishafti, na mhimili wa juu, kamshafti, hufungua na kufunga vali ziingizazo hewa na zitoazo moshi. Na kwa kuwa kila silinda humaliza mapigo yake manne katika mizunguko miwili ya krankishafti, kamshafti haina budi kuzunguka mara moja tu kila krankishafti inapozunguka mara mbili, ndiyo maana puli ya juu ina meno maradufu ya puli ya chini. Kiungo baina ya mihimili hiyo miwili ni mkanda wetu. Fauka ya hayo, katika injini nyingi za dizeli mkanda uo huo huzungusha pampu ipelekayo mafuta kwenye nozeli, nayo haina ruhusa ya kuwahi wala ya kuchelewa.

Dizeli haiwashwi kwa cheche. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda, katika injini nyingine hata zaidi ya mara 20, mpaka ikapata joto la kuunguza mafuta yenyewe, na kwa sababu hiyo nafasi inayobaki baina ya kichwa cha pistoni na vali ni nyembamba mno. Mkanda ukikatika gari likiwa mwendoni, kamshafti husimama na baadhi ya vali zikiwa wazi, na pistoni, ambazo bado zinasukumwa na uzito wa gari, huzigonga na kuzipinda. Ukiruka jino moja tu, injini hukosa nguvu ikatoa moshi, na mwenye gari akaenda kununua nozeli mpya ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Wala tusiwalaumu wazee wetu kwa kutotuachia jina. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ilitoa kamusi yake kubwa, kazi ya Frederick Johnson, mwaka 1939, zama ambazo injini zilitumia giya au mnyororo mahali hapo. Gari la kwanza lililotengenezwa kwa wingi likiwa na mkanda wa namna hii, Glas 1004 la Ujerumani, lilitoka mwaka 1962. Kongo nayo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwamo katika nchi hizo nne, na ufundi wake ukapokea maneno ya Kifaransa.

Wako wasemao mkanda wa muda, nami siwaafiki, kwani muda ni kipimo cha kitu kinavyodumu, na msikiaji atadhani ni mkanda utumikao kwa muda kisha ukatupwa. Mkanda wa usambazaji, ambao ni Kifaransa kilichovikwa kanzu, humwacha fundi akiuliza: unasambaza nini, na kwa nani? Neno tunalolihitaji tunalo, nalo ni majira. Watu wa pwani wameliita majira lile pito la chombo baharini, na saa isiyokwenda sawa wakasema haina majira. Hivyo neno moja limekusanya wakati ulio wake na njia iliyo sawa, ambayo ndiyo kazi ya mkanda huu. Na mtu wa Kivu, hata asiyeijua bahari, amelisikia kanisani katika Kitabu cha Mhubiri.

Atakaye kuubadili nyumbani na akumbuke jina hilo katika kila hatua. Aondoe waya hasi wa betri, avue mikanda ya nje na puli kubwa ya chini, afungue kifuniko. Kisha, kabla ya kulegeza chochote, aizungushe injini kwa spana, kwa upande iendako mishale ya saa, mpaka alama za puli ya krankishafti, ya kamshafti na ya pampu zikabiliane na alama zilizochongwa katika mwili wa injini. Hapo ndipo mkanda mkuukuu uvuliwe. Aitazame beringi ya kukaza, na sili za mihimili pia, kwa kuwa oili ikivuja hapo huula mpira. Mkanda mpya usikunjwe, maana nyuzi zake za ndani zikivunjika hazionekani kwa nje. Akiisha kuuvisha, upande usio na beringi ya kukaza ukiwa umenyooka, aizungushe tena injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, ili kamshafti ipate mmoja, na alama zote zirejee mahali pake. Akihisi kizuizi kigumu, asimame. Asitie nguvu, wala asijaribu kwa stata.

Malori makubwa aghalabu hutumia giya, hayana mkanda huu. Lakini Land Cruiser za mizigo zenye injini ya 1HZ zinao, na mtengenezaji ameuwekea kilomita 100,000, zikitimia taa huwaka mbele ya dereva. Ila taa hiyo huweza kuungua, na kipimo cha kilomita huweza kufa. Kwa hiyo nawaomba mafundi wa Luvungi, na wa kila gereji katika njia ile, kila wafungapo kifuniko waandike juu yake kwa rangi isiyofutika: mkanda wa majira, tarehe, na kilomita.