Mimba, Majuma ya Mwisho ya
Majuma ya mwisho ya mimba, takriban tangu la 36 hadi la 40 au zaidi kidogo, ni wakati ambao mtoto, akiisha kugeuka kichwa chini kama ilivyo ada, hushuka katika nyonga, na mama, hasa wa mimba ya kwanza, hupata faraja ya pumzi lakini akazidi kwenda haja ndogo, kiuno kikamuuma na usingizi ukawa haba. Tumbo hukaza na kulegea bila taratibu. Hali hii, aliyoieleza tabibu Mwingereza John Braxton Hicks mwaka 1872, aghalabu hutulia mama akipumzika au akibadili mkao, ilhali uchungu wa kweli huzidi kukaribiana na kupata nguvu. Chupa ikipasuka, mama na aende kwa mkunga, hata kama uchungu haujaanza.

Lililo kubwa kuliko yote ni hadhari: kichwa kuuma sana, macho kuona maluweluwe, uso kuvimba ghafla, damu kutoka, au mtoto kupunguza kucheza, si mambo ya kungojea hata asubuhi, kwani baadhi yake huweza kuwa dalili za kifafa cha mimba, ambacho huua, na jamaa wanaomwambia mama avumilie, ijapokuwa kwa mapenzi, humtia hatarini.