Kuchanja kuni

Siku hizi nasikia "kukata kuni" kwa kazi yote, na inaniuma. Anayeokota vijiti vikavu anasenya. Anayeangusha matawi kwa panga anatema. Lakini anayesimamisha gogo, akalipiga shoka kwa kufuata nyuzinyuzi za mti hadi likafunguka, huyo anachanja. Ndicho kitenzi kilekile cha mganga anayechanja ngozi kwa wembe, na ndicho kilichotuzalia chanjo ya surua na ya polio. Gogo zima hukawia kukauka, maana gome huzuia maji kutoka. Likichanjwa, unyevu hupata njia na moshi hupungua jikoni. Mbao, kwa upande wake, hupasuliwa kwa msumeno. Wazazi, mkiwatuma watoto, waambieni: kachanjeni kuni.