Habari za Hofu Ndani ya Ndege: Ipi Hukumu ya Uadilifu?

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Habari ya "Waarabu waliotaka kuteka ndege" ikienea, watu hukimbilia mitandao ya uhakiki, kama Snopes ya Marekani, wakitaka neno moja: kweli au uongo. Maulamaa wa hadithi hawakutosheka na neno moja. Walichunguza sanadi mbali na matini mbali, na maneno yaliyopachikwa na mpokezi, yaani mudraj, wakayatenga na asili iliyo sahihi.

Tazama safari ya Northwest 327, Detroit hadi Los Angeles, 29 Juni 2004. Abiria mmoja, mwandishi Annie Jacobsen, aliona wanaume wakiinuka mara kwa mara, wakienda msalani na kuashiriana. Akaandika kuwa huenda lilikuwa jaribio la ugaidi. Walipotua walihojiwa, wakaachiwa: walikuwa wanamuziki, wengi wao Wasyria, wa kundi la mwimbaji Nour Mehana. Mhakiki akisema "kweli", kawadhulumu wanamuziki. Akisema "uongo" akanyamaza, kamkadhibisha mwanamke katika aliyoyaona kwa macho yake, ilhali kilichokosa ushahidi ni tafsiri yake. Snopes ina daraja la "mchanganyiko", na hilo ni afadhali. Lakini lisipobainishwa kipi ni kipi, tuhuma hubaki shingoni mwa watu, maana wasomaji wengi huishia kwenye alama tu.

Kisa cha AirTran 297, Atlanta, Novemba 2009, ni chepesi zaidi. Barua pepe ilidai Waislamu walizusha fujo na msimulizi akawakabili. Shirika likajibu kuwa hakuwemo ndegeni. Sanadi imekatika! Hata hivyo ndege kweli ilirudi getini. Basi "uongo" ni hukumu ya ile barua, si ya tukio zima, na mhakiki mwadilifu huliweka wazi hilo.

Na sisi tujihadhari. Twapenda alama inayotusafisha, tukiituma bila kuisoma, ilhali aya ya 6 ya Surat al-Hujurat yatuamrisha kuhakiki hata habari tuipendayo.

Ama abiria aliyeona la kutia shaka akamwambia mhudumu wa ndege kwa nia njema, hana dhambi. Mwenye kusambaza picha za watu walioachiwa, akiwaita magaidi, huyo ameingia katika dhana iliyokatazwa katika aya ya 12 ya sura hiyo hiyo, na anawajibika kuwaomba radhi.

Wallahu a'lam.