Buluu ya Mirerani na Nafasi ya Kila Elektroni



Juma hili vijana wetu wa sekondari hapa Mtoni walituuliza swali zuri: kwa nini mpangilio wa elektroni wa 2:8:8 waliokaririshwa darasani huvunjika baada ya elementi ya 20, yaani kalsiamu? Tumeona vema tuwajibu kwa kulitazama jiwe la nchi yetu wenyewe, tanzanaiti.

Mwaka 1913 Niels Bohr wa Denmark alifundisha kwamba elektroni hukizunguka kiini cha atomu katika njia maalumu. Mwaka 1925 Wolfgang Pauli akaonyesha kwamba ndani ya atomu moja hakuna elektroni mbili ziwezazo kuwa katika hali ileile kabisa. Mwaka uliofuata, hesabu za Erwin Schrödinger zilizibadili zile njia zikawa maeneo yaitwayo obitali, na kila obitali hupokea elektroni mbili tu. Ganda la tatu lina obitali moja ya s, tatu za p na tano za d. Jumla yake ni elektroni 18, wala si 8. Lakini obitali za d huanza kujazwa baada ya s ya ganda la nne. Hiyo ndiyo sababu ya vijana wetu kutatizika.

Sasa tuitazame vanadiamu, elementi ya 23. Mpangilio wake ni 2:8:11:2, maana elektroni tatu zimeingia katika obitali za d. Kiasi kidogo sana cha vanadiamu ndani ya tanzanaiti chatosha kuipa rangi: elektroni hizo za d hunyonya sehemu ya mwanga, na sehemu inayobaki hutufikia ikiwa buluu na zambarau. Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa ya kahawia. Yakichomwa kwenye joto la nyuzi 500 hivi au zaidi, buluu hujitokeza. Moto haukupaka rangi yoyote. Uligusa elektroni tu.

Jiwe hilo liligunduliwa Mirerani mwaka 1967, na mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jina la tanzanaiti. Kwa miaka mingi, vitabu vya ng'ambo vilimtaja zaidi Manuel d'Souza, fundi cherehani wa Arusha. Mzee Jumanne Ngoma, aliyeliokota mapema mwaka huohuo, alitambuliwa hadharani na Rais Magufuli mwaka 2018, akazawadiwa shilingi milioni 100. Alifariki dunia Januari 2019.

Basi, vijana wetu, msiikatae 2:8:8. Ni mlango tu, nyumba iko ndani. Nasi watu wazima tujiulize: ikiwa elektroni isiyoonekana kwa macho haikosi nafasi yake, imekuwaje mzee wetu akangojea miaka 51 kupewa ya kwake?