Saraka ya mtandaoni: Mambo ya kupanga kabla ya kuijenga

Saraka ya mtandaoni ni orodha ya biashara na huduma za eneo fulani, iliyopangwa ili msomaji apate anachokitafuta kwa haraka. Kabla ya kuijenga tovuti yake, mwanzilishi sharti apange mambo mawili.

La kwanza ni mahali. Kenya ina kaunti 47, maeneobunge 290 na wadi 1,450. Ni heri kuanza na wadi moja iliyokamilika kuliko kaunti nzima yenye mapengo. La pili ni aina ya huduma: zahanati, maduka ya dawa, mafundi wa mabomba. Majina yawe yale wanayoyatumia wateja wenyewe.

Kila biashara iandikiwe simu, saa za kazi na alama ya kuelekeza, mathalani 'mkabala na soko', kwani sanduku la posta halimfikishi mgonjwa zahanatini. Tarehe ya mwisho ya kuhakikisha habari hizo ionekane pia. Usiku wa dharura, nambari isiyopatikana humpotezea mgonjwa muda asiokuwa nao.

Aidha, kuchapisha nambari ya mtu binafsi huhitaji msingi halali, kama vile idhini yake, chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.