Mgeni wa Kadhi

Katika Qur'ani Tukufu msafiri ametajwa mahali pengi, na jina alilopewa ni jina la kuzingatiwa: ibnus-sabil, yaani mwana wa njia. Mtu aliye kwao ni mwana wa fulani, na akipatwa na jambo watu wajua mlango wa kupiga hodi. Ama aliyetoka kwao akawa mbali, pale alipo hana baba wala mama ila ile njia aliyoijia. Ndipo Mwenyezi Mungu akamwekea haki yake. Katika Suratut-Tawba, aya ya 60, mwana wa njia ni mmoja katika mafungu manane ya wanaostahiki zaka, pamoja na mafakiri na maskini. Hakuachiwa hisani ya mwenye kupenda; amewekewa fungu.

Imam Muslim naye amepokea khabari ya mtu aliyetoka kwao kwenda mji mwingine kumzuru nduguye. Mwenyezi Mungu akamweka malaika njiani, akamwuliza aendako, na kama kuna maslaha yoyote anayoyafuata kwa huyo ndugu. Akajibu kuwa hakuna. Ampenda tu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Malaika akambashiria kuwa Mwenyezi Mungu naye ampenda kama yeye alivyompenda mwenziwe.

Hadithi hii twaisikia mara kwa mara katika darsa zetu. Lakini tuangalie: mtu huyu alikuwa na rafiki mwisho wa safari yake. Je, yule atokaye peke yake, wala huko aendako hana amjuaye, nani atakuwa rafiki yake? Swali hili lilijibiwa katika miji yetu ya pwani kabla ya miaka mia saba haijatimia tangu hapo hata leo, na jawabu lake likaandikwa na mtu aliyeyaona kwa macho yake.

Kijana aliyekosa salamu

Mtu huyo ni Abu Abdallah Muhammad bin Abdallah, mashuhuri kwa jina la Ibn Battuta. Alizaliwa Tangier, katika nchi ya Moroko, mwaka 703 Hijria (1304). Mnamo Rajab 725, yaani Juni 1325, alitoka kwao kwenda kuhiji, umri wake miaka 21. Wazazi wake walikuwa hai, na kuachana nao kulimwia kuzito. Alitoka peke yake, hana mwenzi wa kumliwaza wala msafara wa kufuatana nao.

Njiani alipata watu wa kwenda nao, akafika Tunis, mji wa pwani, naye ametoka katika homa. Watu wa mji wakatoka kuwalaki wale wenziwe. Huyu akamsalimu huyu, huyu akamwuliza huyu khabari. Yeye hakusalimiwa na mtu, kwa kuwa hapana aliyemjua. Alilia. Mmoja katika mahujaji akaitambua hali yake, akamwendea, akamsalimu na kumzungumza mpaka wakaingia mjini.

Tusilipite jambo hili kwa upesi. Huyu ndiye mtu ambaye safari zake zote hukisiwa kilomita 120,000. Aliyefika Makka, Yemen, India na China. Na mwanzo wa safari hizo ni kijana anayelia kwa kukosa salamu moja. Kitabu cha safari zake kilikamilika Fez mwaka 756 Hijria (1355), miaka thelathini baadaye, na salamu ile iliyokosekana bado alikuwa akiikumbuka. Mgeni anaweza kusahau chakula alichokula, lakini hasahau alivyopokewa.

Mwaka 1326 alipofika Alexandria, mji mwingine wa pwani, mambo yalikuwa mengine. Alikaa siku tatu kwa mwanachuoni mcha Mungu aitwaye Burhanuddin. Sheikh huyu aliona kwamba kijana anapenda safari, akamwagizia salamu kwa ndugu zake watatu: mmoja yuko Sind, mmoja India, na mmoja China. Akampa na akiba ya fedha. Ibn Battuta asema kuwa hakuacha kusafiri mpaka alipowaona wote watatu na kuwafikishia salamu zao. Basi tazama: Tunis aliingia hana rafiki, Alexandria alitoka ana marafiki watatu ambao hata hajawaona.

Bandari ya Mogadishu

Mwaka 1331 Ibn Battuta alishuka na pepo za kaskazi kutoka Aden, akapitia Zeila, na baada ya siku kumi na tano baharini akafika Mogadishu. Huko aliikuta desturi ambayo aliieleza kwa urefu.

Jahazi likitia nanga, sambuku zilitoka pwani kulikabili. Katika kila sambuku walikuwamo vijana wa mji, na kila kijana amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kila mmoja akimpa mfanyabiashara mmoja ile sahani na kutangaza kuwa huyu ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule hakushukia penginepo ila kwa mwenyeji wake, isipokuwa mtu aliyekwisha kuja mara nyingi na kujuana na wenyeji.

Wala kazi ya mwenyeji haikuishia katika chakula. Yeye ndiye aliyemwuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka. Mtu akimpunja mgeni bei, au akamwuzia kitu bila ya mwenyeji kuhudhuria, biashara ile ilivunjwa. Kwa hivyo mgeni asiyejua lugha ya soko wala vipimo vyake alikuwa na mtu wa kumlinda. Hapana shaka mwenyeji naye alipata faida yake. Majahazi yanayokuja kwa kaskazi hungoja kusi ndipo yarejee, na katika miezi hiyo mfanyabiashara alihitaji nyumba, ghala na mtu mwaminifu. Faida ya halali si aibu. Mji uliojenga biashara yake juu ya amana, ukamfanya kila mgeni awe na mdhamini wake, ni mji uliojua kuwa dhulma huifukuza riziki.

Mgeni asiye na bidhaa

Sasa ndiyo nukta ya khabari yetu. Kijana mmoja alipomjia Ibn Battuta, wenziwe chomboni walimweleza kuwa huyu si mfanyabiashara, ni mtu wa elimu. Yule kijana hakurudi nyuma na sahani yake kama aliyepata hasara. Aliwapigia kelele wenziwe kuwa huyu ni mgeni wa kadhi. Khabari ikapelekwa, na kadhi akaja mwenyewe hadi pwani pamoja na wanafunzi wake. Huyo alikuwa Ibn al-Burhan, asili yake mtu wa Misri.

Desturi ilikuwa kwamba mwanachuoni, sharifu au mtu mwema akiingia mji, kwanza apelekwe kwa Sultani. Ibn Battuta alitaka apumzike kwanza, lakini desturi ikatangulia. Alipofika barazani aliletewa tambuu na popoo, akanyunyiziwa marashi ya mawaridi ya Damascus, kisha akapelekwa katika nyumba iliyowekwa kwa ajili ya wanafunzi, nayo imetandikwa tayari. Chakula kikafuata: wali uliopikwa kwa samli katika sahani kubwa ya mti, na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na mtindi uliowekewa achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Kwa siku tatu waliletewa chakula mara tatu kila siku.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Akaletewa nguo: shuka ya hariri ya kujifunga kiunoni, kanzu ya Misri, joho lenye bitana na kilemba. Akavaa, akaenda kusali. Baada ya sala Sultani Abubakar bin Sheikh Umar alimkaribisha, akamwambia kuwa ameiheshimu nchi yao kwa kuja kwake. Hapa mwenyeji ndiye aliyeshukuru.

Siku tatu hizo za Mogadishu, kama zile za Alexandria, zina asili. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa ugeni ni siku tatu, na kinachozidi ni sadaka, na mgeni naye haimpasi kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Wazee wetu nao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mafunzo yote mawili yanakutana mahali pamoja: ukarimu una mpaka, ili mwenyeji asichoke na mgeni asidharaulike.

Kilwa, na swali lililobaki

Kutoka Mogadishu Ibn Battuta alilala usiku mmoja Mombasa, akaona misikiti yake ya mbao iliyojengwa kwa ufundi, na visima milangoni kwa watu kuosha miguu kabla ya kuingia. Kisha akafika Kilwa, aliyokuwa akitawala Sultani al-Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abul-Mawahib, yaani baba wa zawadi, kwa wingi wa kutoa kwake.

Ijumaa moja Sultani huyu alikuwa akitoka msikitini, akasimamishwa na fakiri mmoja wa Yemen aliyemwomba nguo alizozivaa, tena saa ile ile. Sultani akarudi, akaingia nyumbani kwa khatibu, akabadilisha nguo, akampa. Fakiri huyu hakuwa na bidhaa wala cheo, naye hakurudishwa mikono mitupu.

Lakini khabari haikuishia hapo, wala si haki kuikata nusu. Mwana wa Sultani alizichukua zile nguo kwa fakiri na kumpa badala yake watumwa kumi. Na Sultani alipoona watu wanavyosifu, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watu ishirini wakatolewa zawadi. Nao pia walikuwa mbali na kwao. Nao pia njia iliwatenga na baba zao na mama zao. Wao walikuwa wageni wa nani? Nani aliyewakabili kwa sahani ya chakula?

Aya ile ile ya 60 iliyomtaja mwana wa njia imewataja pia walio utumwani, ili zaka itolewe katika kuwakomboa. Pwani yetu ilisoma fungu moja vizuri sana, na fungu la pili ikalisoma kwa haraka. Tunapojisifu kwa ukarimu wa wazee wetu, na wanastahiki kusifiwa, yatupasa tukumbuke kuwa mizani ya ukarimu ni yule asiye na cha kukulipa, wala asiye na wa kumsemea.

Wana wa njia wa leo

Leo sambuku hazitoki tena kuwalaki wageni. Mwenye fedha ana hoteli, na mwenye rafiki ana simu. Lakini mwana wa njia hajaisha duniani. Yuko mgonjwa aliyeletwa kutoka bara kwenye hospitali kubwa ya mjini, na mamake analala nje ya ukuta. Yuko mwanafunzi aliyeteremka stendi ya mabasi na sanduku lake, hajui amwulize nani. Yuko kijana aliyeahidiwa kazi, akafika akakuta hakuna kazi. Watu hawa wakikosa wa kuwaambia karibu, hupata wa kuwapunja.

Hatukukalifishwa kuwa na nyumba ya Sultani. Kijana wa Mogadishu alikuwa na sahani moja tu, na alipoona kuwa mgeni si wake, alijua wa kumpeleka kwake. Kila mtaa wetu una msikiti, na kila msikiti una jamaa zake. Wakikubaliana kuwa na chumba kimoja, sahani moja, na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye aulizwaye khabari za wageni, desturi ile itakuwa imefufuka bila ya gharama kubwa. Na asiyeweza hayo, hakosi salamu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kuwapokea wana wa njia, kabla ya sisi wenyewe hatujawa katika safari ile ambayo kila mtu huiendea peke yake. Amin.