Nasaba ya Wasio na Nasaba: Tarika ya Kadiriyya katika Afrika Mashariki



Mhadhara huu unahusu chimbuko na kuenea kwa Tarika ya Kadiriyya katika nchi zetu, lakini naomba nianzie mahali ambapo tarika hiyo haikuota mizizi. Kewanja ni kijiji cha eneo la Nyamongo, wilayani Tarime, mkoani Mara, eneo linalojulikana leo kwa dhahabu yake. Kiswahili kinasikika huko sokoni, shuleni na machimboni, kikienda sambamba na Kikuria. Hata hivyo, katika ile miongo ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wakati nyiradi za Sheikh Abdulkadir zilipokuwa zikisomwa Bagamoyo, Tabora na Ujiji, nchi ya Wakuria haikuwa miongoni mwa nchi zilizoipokea tarika. Jibu la haraka ni la kijiografia: njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, ilipita mbali kusini. Jibu hilo ni sahihi, ila halitoshi. Njia hupitisha mengi, na si kila kinachopita hupokewa. Hatuna budi kuuliza ni nani hasa aliyeihitaji tarika, na kwa nini.

Neno lenyewe, tarika, maana yake ni njia. Mwasisi anayenasibishwa nayo, Sheikh Abdulkadir al-Jilani, alifariki Baghdad mwaka 1166, na wanafunzi wake na wajukuu zake ndio walioieneza katika ulimwengu wa Kiislamu. Kadiriyya haikuwa peke yake katika pwani yetu. Shadhiliyya ilienezwa na Sheikh Muhammad Maaruf wa Moroni, Ngazija, aliyefariki 1905. Na Lamu, Habib Saleh, wa ukoo wa masharifu wa Jamal al-Layl, aliufanya Msikiti wa Riyadha kuwa kitovu cha elimu na maulidi katika mapokeo ya Alawiyya. Kila mmoja wao anastahili mhadhara wake. Leo nitabaki na Kadiriyya, kwa kuwa ndiyo iliyozama zaidi barani.

Jina la kwanza la kulishika ni la Sheikh Uways bin Muhammad, aliyezaliwa Barawa, katika pwani ya kusini ya Somalia, mwaka 1847. Hakutoka katika nyumba ya wakubwa. Alisafiri hadi Baghdad, akasoma kwa Sayyid Mustafa, mmoja wa kizazi cha al-Jilani, akapewa ijaza, yaani idhini ya kuifundisha njia na kuwaingiza wengine. Alirejea Barawa mwanzoni mwa miaka ya 1880, na haukupita muda mrefu kabla hajafika Unguja, ambako Sultani Barghash bin Said alimpokea kwa heshima. Masultani waliofuata nao walimkaribisha. Wapo wanaosema kwamba masultani, ambao wao wenyewe walikuwa Waibadhi, waliona katika tarika hii ya Kisuni kamba ya kuwafungia raia wao wa bara wakati Wazungu walipokuwa wakiwanyang'anya nchi. Huenda wakubwa walitumaini hivyo. Lakini watu waliojipanga katika halka ya dhikri hawakufika pale kwa ajili ya siasa ya Sultani.

Mwisho wa Sheikh Uways ulikuwa wa damu. Mwaka 1909 aliuawa Biyoley, kusini mwa Somalia, na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdullah Hassan wa Tarika ya Salihiyya. Nalitaja jambo hili kwa sababu twapenda kusimulia habari za tarika kana kwamba zote ni za amani. Pamoja na vita vya Wadachi na Waingereza, palikuwapo pia mgogoro mkali baina ya Waislamu wenyewe juu ya kutawasali kwa mawalii, na Sheikh Uways alikuwa upande wa wale waliodumisha mapokeo hayo.

Sasa tuje Bagamoyo. Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, alizaliwa Manyema, mashariki mwa Kongo. Alichukuliwa utumwani angali mtoto, akafikishwa pwani, akawa mtumwa katika nyumba ya al-Lamki, moja ya nyumba kubwa za Waarabu wa mji ule. Hata jina la bin Abdallah linasema kitu, kwani mara nyingi ndilo walilopewa waliotenganishwa na baba zao. Alisoma, akafanya biashara, akapata mashamba, akapewa ijaza ya Kadiriyya mwanzoni mwa karne ya 20, na nyumba yake ikawa kituo cha wanafunzi. Mwaka 1916, Waingereza walipoutwaa mji kutoka kwa Wajerumani, aliyekuwa mtumwa alifanywa liwali. Alifariki 1931, na mwanawe Muhammad akashika uongozi. Maulidi ya Bagamoyo yakavuta watu kutoka pande nyingi za Tanganyika.

Tuyapime maisha hayo kwa tarehe za sheria. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku Unguja mwaka 1873. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria huko mwaka 1897. Bara, Wajerumani waliishia kutangaza kuwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, na utumwa haukufutwa kabisa hadi Waingereza walipofanya hivyo mwaka 1922. Maana yake ni kwamba tarika ilienea katika kizazi cha watu waliokuwa wakitoka utumwani bila ya ukoo wa kurudia. Mji wa pwani uliwauliza: wewe ni mwana wa nani? Ijaza ilikuwa jibu. Ilimtaja mwenye kuipokea, ikamtaja sheikh wake, na sheikh wa sheikh wake, hadi Abdulkadir, na hadi Mtume mwenyewe. Silsila ni nasaba. Isipokuwa hairithiwi kwa damu, na hapo ndipo ilipowatisha waungwana.

Kwa mtazamo huu Kewanja inaeleweka zaidi. Mkuria wa zama hizo alikuwa na ukoo wake, na rika la waliotahiriwa pamoja naye, ambalo lilimfunga kwa maisha yake yote. Hakuwa ameng'olewa. Udugu ambao Manyema aliutafuta Bagamoyo, yeye alizaliwa nao.

Watawala wa Kijerumani walikuwa na maelezo yao. Mwaka 1908, miaka michache tu baada ya Vita vya Majimaji, ilizagaa kutoka Lindi barua iliyosemekana kutoka Makka, ikionya kwamba Kiyama kimekaribia. Serikali ilishikwa na hofu. B. G. Martin, katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya tarika katika Afrika ya karne ya 19, aliihusisha barua hiyo na Kadiriyya. Mimi naona ushahidi ni mwembamba. Barua za namna hiyo zimezunguka katika nchi nyingi za Kiislamu, na zilinakiliwa na kila aliyeogopa kutozinakili; hazikuhitaji chama cha kuzisambaza.

Kwa sisi wa taaluma za Kiswahili kuna jambo jingine. Matini ya tarika ni ya Kiarabu, lakini muridi wa Ujiji hakufundishwa kwa Kiarabu. Alielezwa kwa Kiswahili, na msamiati wa tarika ukaingia katika usemi wa watu: khalifa, muridi, ijaza, uradi, hauli. Barawa kwenyewe, Chimiini, lahaja ya Kiswahili ya mji ule, ilipata tungo za dini za kiwango cha juu, za Dada Masiti, aliyefariki 1919, na za Sheikh Qasim bin Muhyiddin, aliyefariki 1922. Wanafunzi wetu husoma tenzi za Lamu na Mombasa na kuishia hapo. Ni hasara, na si ndogo.

Kusini, kandokando ya Ziwa Nyasa, tarika ilizusha ubishi ambao haujazimika: je, maiti asindikizwe kwa dhikri ya sauti, au kwa kimya? Waliochagua kimya wakaitwa Sukuti, kutokana na neno la Kiarabu la kunyamaza. Jamaa walitengana makaburini kwa ajili hiyo. Na ni katika nchi hiyohiyo ya Nyasa, upande wa Nkhotakota, ambako mwanamke aliyekuwa khalifa wa Kadiriyya aliwaingiza wanawake wenzake katika njia na kuwaongoza katika dhikri hadi alipofariki 1958. Jina lake lilikuwa Mtumwa binti Ali. Wafuasi wake walimwita Sheikha.